Kutoka Hiari hadi Sharti: Historia Fupi ya Uchapishaji Huria na Matakwa ya Wafadhili

Utangulizi

Wahadhiri na wanafunzi wa shahada za juu wanaopata ruzuku za utafiti kutoka nje hukutana na kifungu kimoja katika mikataba yao: matokeo ya utafiti sharti yachapishwe kwa namna ambayo mtu yeyote ataweza kuyasoma bila malipo. Wengi hukielewa kifungu hicho kuwa ni amri ya kutafuta fedha za kulipia jarida. Wasipozipata, makala hubaki kabatini na ripoti kwa mfadhili huchelewa. Makala haya yanaeleza kifungu hicho kilikotoka, na yanakusudia kuonyesha kwamba tangu mwanzo jambo lililodaiwa ni dogo zaidi: mswada uwekwe mahali pa wazi.

Chimbuko la Sharti

Mwishoni mwa karne ya 20 bei za majarida ya kitaaluma zilipanda mno, hata maktaba za vyuo vya Ulaya na Marekani zikaanza kusitisha usajili. Mtafiti alitoa makala yake bure, mhakiki akaisoma bure, kisha chuo kilichowalipa mshahara wote wawili kikauziwa jarida. Mwezi Desemba 2001 wataalamu walikutana Budapest kwa udhamini wa Open Society Institute. Tamko lao la tarehe 14 Februari 2002 lilitaja njia mbili: mwandishi ahifadhi mswada wake katika hazina ya mtandaoni, au achapishe katika jarida lisilomtoza msomaji. Matamko ya Bethesda na Berlin yalifuata mwaka 2003.

Hata hivyo, matamko hayakumbana mtu. Mwezi Mei 2005 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH) ziliwaomba watafiti wao wahifadhi miswada katika PubMed Central, hazina iliyofunguliwa mwaka 2000. Miswada iliyohifadhiwa mwanzoni haikufika asilimia 4 ya iliyotarajiwa. Shirika la Wellcome Trust la Uingereza, kwa upande wake, lilichagua sharti. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2005 kila aliyepata ruzuku mpya alitakiwa kuhifadhi makala yake ndani ya miezi 6, na mwaka uliofuata sharti hilo likahusu ruzuku zote.

Afrika Mashariki iliguswa mapema. Wellcome ilikuwa ikifadhili utafiti wa malaria huko Kilifi tangu mwaka 1989. Aidha, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, lililokuwa na kituo Entebbe, lilitoa sharti kama hilo mwezi Oktoba 2006. Nchini Marekani ombi la NIH liligeuzwa kuwa sheria, ikaanza kutumika tarehe 7 Aprili 2008 ikiruhusu kusubiri hadi miezi 12.

Baadaye sharti lilipata meno. Mwaka 2012 Wellcome ilitangaza kuwa itazuia malipo ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya ruzuku, hadi makala zihifadhiwe. Mwaka 2013 NIH nazo zikaanza kuchelewesha fedha za mwaka unaofuata kwa wasiotimiza.

Ada Ilivyoingia

Wachapishaji hawakukaa kimya. Wengi walikubali kumfungulia msomaji mlango, ila wakamgeukia mwandishi na kumtoza ada. Mwezi Aprili 2013 mabaraza ya utafiti ya Uingereza yalianza kuvipa vyuo vya nchi hiyo mafungu ya kulipia ada hizo. Vyuo vya Kampala, Kigali na Bujumbura havikuwamo katika mgao huo. Kufikia Januari 2021 ada ya jarida la Nature ilikuwa Euro 9,500 kwa makala moja.

Katika kipindi hicho hicho wafadhili walirudia njia ya kwanza. Mpango wa Plan S ulitangazwa tarehe 4 Septemba 2018. Mwaka 2020 wafadhili wake waliweka utaratibu wa mwandishi kubaki na haki juu ya mswada uliokubaliwa, ili auhifadhi mara tu makala inapochapishwa. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Wakfu wa Gates haulipi tena ada za uchapishaji. Unadai mswada uwekwe wazi mapema. NIH ziliondoa kipindi cha kusubiri tarehe 1 Julai 2025.

Funzo kwa Wasomi wa Kiswahili

Katika taaluma yetu uchapishaji huria si jambo geni. Swahili Forum, iliyoanza kutolewa Köln mwaka 1994, ikaendelea Mainz na kisha Leipzig, husomwa bure mtandaoni. Hivyo mwandishi achunguze kwanza majarida ya aina hii. Akichagua jarida linalouzwa, atimize sharti kwa kuhifadhi mswada: asome mkataba wa ruzuku kabla ya kuandika, amjulishe mhariri sharti hilo anapowasilisha makala, asitie saini hati inayohamisha haki zote, na atunze nakala ya mwisho iliyokubaliwa baada ya uhakiki. Nakala hiyo ikipotea, njia isiyo na gharama huwa imefungwa.

Yapo pia ya kuangaliwa kwa makini. Wafadhili wengi hudai leseni ya CC BY, inayomruhusu yeyote kutafsiri, kunakili, hata kuuza kazi mradi amtaje mwandishi. Kwa uchambuzi wetu wenyewe hilo halina ubaya. Lakini tenzi za malenga aliye hai, au ngano za bibi aliyeturuhusu kumrekodi, si zetu kuzitolea leseni. Sehemu hizo zitajwe wazi katika makala kuwa haziko chini ya leseni hiyo, na idhini ya wenyewe iombwe tangu siku ya kurekodi.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kuwa hiari ilishindwa, sharti likafaulu, na ada ikaja baadaye kwa matakwa ya soko. Anayejua mpangilio huo hataacha utafiti wake ufie kabatini kwa kukosa ada ambayo mfadhili huenda hakuidai.