Saa Mbili Asubuhi, Lochau: Historia ya Wakristo Waliosubiri Dunia Iishe, na Mashamba Yao

Asubuhi ya tarehe 19 Oktoba 1533, waumini walijaa kanisani Lochau, mji mdogo wa Saksonia nchini Ujerumani, wakisubiri saa mbili igonge. Mchungaji wao, Michael Stifel, alikuwa amewatangazia kwamba saa hiyo ndiyo Kristo angerudi. Hakuota ndoto wala kusikia sauti. Alipiga hesabu. Alichukua maneno ya Kilatini kutoka Injili ya Yohana, yale yanayosema watu watamtazama yule waliyemchoma, akachambua herufi ambazo ni tarakimu za Kirumi na kuzijumlisha. Jumla ikawa 1533.

Wakulima wa eneo lile waliacha kazi. Wengine walikula na kunywa akiba yao, maana nani aweke nafaka kwa ajili ya baridi ambayo haitafika? Saa mbili ikagonga, ikapita. Wenye mamlaka wakamkamata mchungaji. Rafiki yake Martin Luther, aliyekuwa amemwonya mapema anyamaze, ndiye aliyemwombea msamaha, na baada ya muda Stifel akapewa usharika mwingine. Kipaji chake cha namba akakipeleka mahali panapofaa: mwaka 1544 alitoa kitabu cha hisabati, Arithmetica integra, kinachoheshimiwa hadi leo na wanahistoria wa somo hilo.

Kisa cha Lochau kinagusa swali linaloulizwa sana siku hizi za ukame na mafuriko: kama dunia hii itakwisha, kuna haja gani ya kuitunza? Wapo wanaolaumu imani ya mwisho wa dunia kwamba ndiyo inayowafanya Wakristo wasijali misitu na mito. Historia ya imani hiyo ni ndefu, na shutuma hiyo ina ukweli wa nusu tu.

Mizabibu ya Papia

Wakristo wa kwanza hawakukubaliana dunia ingekuwaje siku ya mwisho. Mapema katika karne ya 2, Papia, askofu wa Hierapoli katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alisimulia mapokeo kuhusu siku zijazo ambapo kila mzabibu ungekuwa na matawi 10,000, na kila tawi matawi mengine 10,000. Kwake yeye, ufalme wa Mungu ulikuwa na udongo na mavuno ndani yake.

Masimulizi hayo tunayo kwa sababu yaliandikwa tena na Ireneo, askofu wa Lyon, mnamo mwaka 180. Ireneo alikuwa akipambana na Wagnostiki, waliofundisha kwamba vitu vya mwili ni kazi ya mungu wa hadhi ya chini na kwamba wokovu ni kuvikimbia. Akawajibu kwamba Mungu aliyeumba ndiye anayeokoa, hivyo wenye haki watapewa thawabu yao katika uumbaji uleule walimoteseka.

Wengine hawakuvutiwa. Origeni wa Aleksandria, katika karne ya 3, aliona ahadi za zabibu na karamu ni za kufasiriwa kiroho. Augustino wa Hippo, kwenye pwani ya Algeria ya leo, katika ujana wake wa imani aliipenda hoja ya utawala wa Kristo wa miaka 1,000 duniani, kisha akaiacha. Katika kitabu chake kikubwa kuhusu mji wa Mungu, alichokikamilisha karibu na mwaka 426, alifundisha kuwa kitakachopita ni sura ya dunia, asili yake itabaki.

Katika karne ya 13, mafundisho ya Thoma wa Akwino yaliukubali ulimwengu mpya lakini yakatoa mimea na wanyama ndani yake: hivyo vilimhudumia binadamu anayekufa, na asiyekufa hatavihitaji. Baada ya Matengenezo ya Kanisa, Waprotestanti nao wakagawanyika. Calvin alisema moto wa mwisho utasafisha tu na kiini cha dunia kitabaki. Wanateolojia wa Kilutheri wa karne ya 17, akiwamo Johann Gerhard, walishikilia kwamba dunia itafutika kabisa.

Mtu angetarajia basi kwamba walioamini mimea haina nafasi mbinguni wangeipuuza duniani. Haikuwa hivyo. Katika karne ileile ya Thoma, watawa wa Kisitersi walikuwa wakikausha vinamasi, wakipandikiza matunda na kufuga kondoo kote Ulaya. Mjadala kuhusu kitakachobaki baada ya moto uliendelea vyuoni, na huko bustanini kazi ikaendelea.

Mti ambao Luther hakuutaja

Luther mwenyewe aliamini mwisho umekaribia. Mwaka 1530 aliharakisha kuchapisha tafsiri yake ya kitabu cha Danieli akihofu dunia ingekwisha kabla hajamaliza Biblia nzima. Lakini mwaka huohuo alimwandikia mwanawe Hans, aliyekuwa na umri wa miaka 4, akimweleza paradiso kama bustani ambamo watoto wema huokota matufaha na peasi chini ya miti na kupanda farasi wadogo.

Kuna usemi unaorudiwa kwa jina lake katika mahubiri na kwenye kadi duniani kote: kwamba hata angejua dunia inakwisha kesho, leo angepanda mtufaha. Watafiti wameupekua mrundo wa maandishi yake bila kuuona. Ushahidi wa kwanza unaojulikana ni wa Oktoba 1944, katika waraka wa mchungaji Karl Lotz wa jimbo la Hessen kwa wenzake wa Kanisa la Ungamo, kundi lililopinga Hitler kuliingilia kanisa. Miji ya Ujerumani ilikuwa ikiteketea kwa mabomu. Mwanateolojia Martin Schloemann, aliyefuatilia historia ya usemi huo na kuiandikia kitabu mwaka 1994, alionyesha jinsi ulivyosambaa baada ya vita, watu walipohitaji sababu ya kuanza upya.

Wasomaji wa pwani watakumbuka hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na Anas bin Malik, yenye mafundisho yanayofanana: Kiyama kikimkuta mtu ana mche mkononi na akaweza kuupanda, na aupande. Waislamu wamekuwa na agizo hilo kwa karne nyingi. Walutheri walilazimika kujitungia la kwao, kisha wakalitekeleza: kwa ajili ya miaka 500 ya Matengenezo mwaka 2017, makanisa ya nchi nyingi yalishirikiana kupanda bustani ya miti 500 mjini Wittenberg.

Viazi vya 1844

Tarehe nyingine iliwekwa Marekani. William Miller, mkulima Mbatisti wa Low Hampton katika jimbo la New York, alizisoma siku 2,300 za kitabu cha Danieli kama miaka, akapata kwamba Kristo angerudi mnamo mwaka 1843. Mwaka huo ulipopita, wafuasi wake wakaafikiana juu ya tarehe kamili: 22 Oktoba 1844.

Ilikuwa majira ya mavuno. Baadhi yao waliacha mazao shambani kama ushuhuda wa imani. Waadventista husimulia hadi leo habari za Leonard Hastings wa New Ipswich, New Hampshire, aliyekataa kuchimba viazi vyake licha ya majirani kumsihi. Tarehe ikapita na huzuni ikawa kubwa. Lakini vuli ile ugonjwa uliozesha viazi vilivyochimbwa mapema, na vile vya Hastings, vilivyochelewa ardhini, vikasalimika na kuuzwa kwa bei nzuri.

Muhimu zaidi ni kilichofuata. Kundi lililokuja kuwa Kanisa la Waadventista wa Sabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863, lilibaki na tumaini la kurudi kwa Kristo na kuachana na kazi ya kupanga tarehe. Matokeo yake tunayaona huku kwetu. Wamisionari wake walifika Giti, Upareni, mwaka 1903, na Gendia, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, mwaka 1906. Wakajenga shule na zahanati, wakaweka mtambo wa kuchapa. Watu wanaotangaza kwamba mwisho u karibu walijenga kwa mawe na kuwafundisha watoto kusoma.

Unyakuo na mti wa mwisho

Wakati wa Miller mafundisho mengine yalikuwa yakikua Uingereza na Ireland. Katika miaka ya 1830, John Nelson Darby alifundisha kwamba Kristo kwanza atawanyakua waumini, ndipo dunia iingie kwenye dhiki kuu. Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyotoka mwaka 1909, iliyapeleka mafundisho hayo katika nyumba nyingi za Marekani, na mwaka 1970 kitabu cha Hal Lindsey kuhusu mwisho wa sayari kikauzwa kwa mamilioni. Afrika Mashariki yaliletwa na wamisionari, kisha redio, kanda na mikutano ya injili, hata leo wengi huuchukulia unyakuo kana kwamba ulihubiriwa hivyohivyo tangu Pentekoste. Uliwakuta watu ambao tayari walisema duniani tunapita, ukaingia bila kubisha hodi.

Mwaka 1967, mwanahistoria Lynn White alichapisha katika jarida la Science makala iliyoulaumu Ukristo wa Magharibi kwa kumfanya binadamu bwana wa viumbe vyote. Yeye aliulaumu mwanzo, yaani mafundisho ya kuumbwa kwa dunia, akapendekeza Fransisko wa Asizi awe msimamizi wa wanaotunza mazingira. Papa Yohane Paulo II alimtangaza hivyo mwaka 1979. Wengine walielekeza lawama kwenye mwisho, na wakapata mshtakiwa: James Watt, Mpentekoste wa kanisa la Assemblies of God, ambaye Rais Reagan alimteua waziri mwenye dhamana ya ardhi na hifadhi za taifa mwaka 1981.

Watt alipendelea uchimbaji na ukataji, na wanamazingira walikuwa na hoja nzito dhidi ya sera zake. Lakini linalokumbukwa zaidi ni tamko ambalo hakulitoa: kwamba mti wa mwisho ukishakatwa, Kristo atarudi. Maneno hayo yalitokea katika kitabu cha mwaka 1990, yakanukuliwa na waandishi wengine, na mwaka 2005 mwanahabari maarufu Bill Moyers alilazimika kumwomba radhi kwa kuyarudia. Watt alichowaambia wabunge Februari 1981 kina mwelekeo mwingine: hajui ni vizazi vingapi vitapita kabla Bwana hajarudi, kwa hiyo rasilimali hazina budi kusimamiwa ili vizazi hivyo vizikute. Kama alitimiza kauli yake ni hoja nyingine. Mantiki yake ilikuwa sahihi: asiyejua siku hana ruhusa ya kufilisi ghala.

Kanungu na Kilimanjaro

Jirani zetu wa Uganda walionja uchungu wa tarehe. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa nchi, viongozi wa kundi lililotokana na Wakatoliki walitangaza kuwa dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999. Waumini waliuza ng'ombe na mashamba. Mwaka mpya ukaingia kama kawaida, na tarehe 17 Machi 2000 mamia yao wakafa kwa moto ndani ya jengo la ibada. Baadaye makaburi ya halaiki yakagunduliwa sehemu nyingine. Serikali ilivihesabu vifo hivyo kuwa mauaji.

Kasoro nyingine haikuhitaji tarehe. Mwanamazingira wa Kenya Wangari Maathai, aliyesomeshwa na masista wa Kikatoliki Nyeri na Limuru, alieleza jinsi wamisionari walivyowafundisha Wakikuyu kwamba Mungu hayuko kwenye mlima wala kwenye mgumo, mti wao mtakatifu, na jinsi heshima ya miti hiyo ilivyopungua. Mgumo aliouheshimu utotoni ulikatwa kupisha chai, na kijito cha jirani kikakauka. Lakini hakuuacha Ukristo. Baada ya kuanza na miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1977, aliwapa Wakristo changamoto ya kupanda miti kila Jumatatu ya Pasaka, maana mtu fulani aliingia msituni kukata mti wa kutengeneza msalaba.

Makanisa nayo yalisogea. Mwaka 1989 Patriarki Dimitrios wa Konstantinopoli aliitenga tarehe 1 Septemba kuwa siku ya kuombea uumbaji. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliiingiza katika kalenda ya Wakatoliki, na katika waraka wake Laudato Si' akaandika kwamba viumbe vyote, vikiwa vimegeuzwa na kung'aa, vitashiriki uzima wa milele. Mimea na wanyama walioachwa nje katika karne ya 13 wakarudishwa. Huko Kilimanjaro, askofu Fredrick Shoo wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania alijulikana kama askofu wa miti, na vijana wa kipaimara wakatakiwa kupanda miche kama sehemu ya maandalizi yao.

Ukizipanga habari hizi pamoja, mpaka haupiti kati ya wanaosema dunia itateketea na wanaosema itafanywa upya. Pande zote mbili zilitoa wakulima wazuri na waharibifu. Jembe liliangushwa pale mtu mmoja alipodai anaijua siku. Hata anayesadiki dunia itafanywa upya anaweza kuzembea, akisema Mungu atairekebisha mwenyewe. Naye pia anajifanya kuijua ratiba ya Mungu.

Kanuni ya Imani ya Nisea, inayokaririwa katika makanisa mengi kila Jumapili, inasema Kristo atakuja tena kwa utukufu, na kwamba waumini wanangojea uzima wa ulimwengu ujao. Haina tarehe. Walioitunga katika karne ya 4 walijua Injili ya Mathayo inasema hata malaika hawaijui siku hiyo. Mkristo anayeichukulia kauli hiyo kwa uzito hana budi kupanga maisha yake kana kwamba wajukuu zake watahitaji maji, na mhubiri anayemtajia siku na saa anamwomba aache kazi ambayo hakuna aliyemruhusu kuiacha.