Chapa ya Usambiro na Wasomaji wa Mbale

Watu wa Shinyanga na Geita aghalabu huisimulia taarikhi ya nchi yao kwa kuanzia chini ya ardhi: almasi ya Mwadui, aliyoivumbua John Williamson mwaka 1940, na dhahabu ambayo habari zake zilikwisha kujulikana tangu zama za Wadachi. Lakini kabla ya mashimo hayo kuchimbwa, ilikuwako kusini mwa Ziwa Viktoria karakana ndogo iliyotoa hazina ya namna nyingine, nayo ina nasaba na umma wa Mayahudi Waafrika wanaoishi hata leo karibu na Mbale, nchini Uganda.

Mwezi wa Julai 1887, Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, alipomfukuza Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskochi aliyetumwa na misheni ya Kianglikana ya CMS, bwana huyo alivuka ziwa akafanya maskani Usambiro, penye ncha ya kusini ya Ghuba ya Mwanza, ambapo Geita iko upande wa magharibi na Shinyanga upande wa kusini. Hapo aliendelea kufasiri maandiko kwa Kiganda na kuyapiga chapa, yakapelekwa kaskazini kwa wanafunzi wake, hata homa ilipomwua Februari 1890. Na yafaa ikumbukwe kwamba wanafunzi hao, kabla ya kupata kitabu kwa lugha yao, walianza kusoma kwa Kiswahili, kwa tafsiri za Askofu Edward Steere wa Zanzibar.

Katika Buganda ya siku zile, mtu aliyeingia dini aliitwa msomaji, na kusoma hakukuwa jambo la mtu kujifungia peke yake: aliyejua herufi alimfundisha asiyejua, kitabu kimoja kikazungukwa na wengi, na kila aya ikawa na mabishano yake. Desturi hiyo haikufa hata wasomaji walipochomwa moto Namugongo kwa amri ya Mwanga mwaka 1886. Miaka kumi baadaye ilipotoka Biblia nzima ya Kiganda, kazi ya George Pilkington na wenziwe Waganda, iliyochapwa nene lakini ya upana mdogo ipate kuenea katika kopo la biskuti isiliwe na mchwa, Taurati yote ilikuwa mikononi mwa watu, wala hapakuwa tena na mwalimu awezaye kuwachagulia la kusoma na la kuacha.

Miongoni mwa wasomaji hao alikuwa Semei Kakungulu, jemadari aliyewashindia Waingereza nchi ya mashariki kwa tamaa ya kufanywa mfalme wake, nao wakamnyima. Mwaka 1913 alijiunga na madhehebu ya Kikristo ya Malaki, waliokataa dawa za hospitali. Lakini kadiri alivyozidi kuisoma Taurati ndivyo alivyozidi kuuliza kwa nini amri ya tohara haishikwi. Wenziwe walipomwambia kuwa tohara ni ada ya Mayahudi, aliamua kuwa Myahudi, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sala na kanuni chenye kurasa zipatazo 90, kiwe mwongozo wa jamaa yake, ambao wanaitwa Abayudaya.

Kakungulu alifariki Novemba 1928. Idi Amin alipotawala aliipiga marufuku dini yao, wengi wakaiacha. Waliobaki wakasali kwa siri, na baada ya Amin kupinduliwa mwaka 1979 vijana wao wakaijenga upya jamaa. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alisomea Marekani, akatawazwa kuwa rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 wakafungua sinagogi jipya juu ya kilima cha Nabugoye. Humo, kama katika masinagogi ya dunia nzima, Taurati husomwa kwa mafungu, juma baada ya juma, hata mwaka ukiisha huanzwa tena toka mwanzo.

Rai yangu ni kwamba umma huu haukuzaliwa kwa damu, wala haukuletwa na mhubiri wa Kiyahudi. Uliasisiwa na watu waliokaa pamoja kuzunguka kitabu, wakakichukulia kwa dhati, wakawa tayari kugeuza mwenendo wao kwa hoja walizozipata humo. Sisi wa kusini mwa ziwa, ambao mojawapo ya mitambo ya kwanza ya chapa katika bara ya Afrika Mashariki, mbali na pwani, ilisimama kwetu, hatuna udhuru wa kuwaachia wengine desturi hiyo. Naam, hata kisiwa cha jirani yetu, Ukerewe, kimetupa riwaya ya Aniceti Kitereza juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyokamilishwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1980. Basi enyi wachimbaji, walimu na wafanyabiashara wa Geita, Kahama na Mwadui, kutaneni mara moja kwa juma, mmoja asome kwa sauti, na wengine wamhoji mwandishi bila ya kumwogopa. Anzeni na Kitereza.