Hatamu Iliyobaki Njiani: Vyombo vya Kupandia na Zawadi za Mashindano, kutoka Lamu hadi Maniema

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Mfungo Sita, mji wa Lamu, ulioko kisiwani katika pwani ya kaskazini ya Kenya, hujaa wageni. Wanakuja kwa ajili ya Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, msikiti ambao jina lake haliachani na la mwanachuoni Habib Swaleh. Kisomo ndicho kiini cha sherehe. Pembeni mwake, hata hivyo, kuna michezo, na miongoni mwa michezo hiyo mashindano ya punda hukusanya umati mkubwa. Vijana hupanda punda wao na kuwakimbiza kandokando ya bahari, mbele ya nyumba za mawe, huku watazamaji wakipiga kelele na kuruka pembeni kila mnyama anapoiacha njia. Punda hao hawafugwi kwa mchezo. Siku nyingine zote hubeba mchanga, mawe na magunia katika vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Idadi yao ni maelfu, na tangu mwaka 1987 wana zahanati yao mjini, iliyoanzishwa na shirika la Kiingereza la kuwahudumia punda.

Makala haya yanauliza swali moja: mtu aliyekwenda kutazama mashindano hayo, akiwa na fedha mfukoni, hununua nini? Swali laonekana jepesi. Lakini nilipolifuata kwa njia ya msamiati, ambayo ndiyo njia niliyofunzwa, lilinitoa Lamu likanifikisha nyumbani Punia, mahali ambapo punda hujulikana zaidi kwa tusi kuliko kwa sura.

Tuanze na vyombo vya kupandia. Katika mashindano makubwa ya farasi huko Ulaya, pembeni ya uwanja huwa na maduka ya matandiko, hatamu, buti, kofia ngumu na mijeledi. Mtazamaji aweza kuingia mikono mitupu akatoka na mzigo. Lamu haina soko la namna hiyo, na sababu ni kwamba mpandaji wa Lamu hatumii tandiko. Hukaa juu ya mgongo mtupu, mara nyingi nyuma karibu na kiuno cha mnyama, miguu ikining'inia, mkononi ana kamba na fimbo. Anayetaka kununua vyombo vyake vyote na aende kwa muuza kamba. Fimbo ataikata mwenyewe.

La kushangaza ni kwamba lugha haikukosa maneno. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, na baada yake kamusi za Johnson na Sacleux zilizoanza kutoka mwaka 1939, zinatosha kumshuhudia mtu kwamba Waswahili walivijua vyombo hivi vizuri. Kuna tandiko, au matandiko. Kuna seruji, yaani tandiko la Kiarabu. Kuna hatamu, na ndani ya hatamu kuna lijamu, kile chuma kinachoingia kinywani mwa mnyama. Kuna kigwe, ile kamba iliyosukwa anayoishika mpandaji. Kuna kikuku cha kutilia mguu. Na kuna shogi, mfuko mpana wa kusukwa wenye pande mbili, unaolazwa mgongoni mwa punda ili mzigo usawazike.

Maneno haya hayakutoka mahali pamoja. Hatamu, lijamu na seruji ni Kiarabu, kama alivyo farasi mwenyewe. Tandiko limetokana na kitenzi chetu cha kutandika, kile kile cha kutandika kitanda na mkeka. Kigwe ni ugwe uliodogoshwa. Kikuku ni pambo la mkononi au mguuni lililopewa kazi mpya. Nadhani si kosa kusema kwamba hapa tunaiona biashara ikifanya kazi ndani ya lugha: kilichosukwa au kushonwa na fundi wa mtaani kiliitwa kwa neno la mtaani, na kilichoshuka chomboni kikiwa kimekamilika kilishuka na jina lake. Kanuni hii isivutwe mno, kwa maana maneno hukopwa pia kwa fahari tu. Lakini kwa vyombo vya kupandia inatufaa kama taa.

Niliwahi kuwauliza wanafunzi maana ya kushika hatamu. Darasa zima lilijibu bila kusita kwamba ni kutawala. Hawakukosea, ndivyo neno lilivyotumika katika siasa, na huko Tanzania katika enzi ya chama kimoja kauli ya chama kushika hatamu ilisikika kila mahali. Nilipouliza hatamu yenyewe ni kitu gani, darasa lilinyamaza. Mmoja akajaribu: labda ni kiti cha mfalme. Mwingine, mzaliwa wa msituni, aliposikia maelezo yangu kwamba ni kamba na ngozi zinazovikwa kichwani mwa mnyama, aliuliza kama ule mkanda wa kapu ambao mama zetu huupitisha kwenye paji la uso nao ni hatamu. Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, na swali lake ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi.

Vyombo hivyo vilikuwa mali ya nani? Unguja ya karne ya 19 inatupa jibu lililo wazi. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa mwaka 1844 na ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, anasimulia kwamba watoto wa jumba la mfalme walifundishwa kupanda tangu wadogo, na kwamba wasichana walipewa punda weupe wa Maskati. Punda wa Maskati hakuwa mnyama wa mzigo. Alikuwa mrefu, mweupe, wa bei kubwa, na alipambwa. Mtu aliyemwona barabarani alijua kabla ya kuuliza kwamba aliyeketi juu ni muungwana. Tandiko na hatamu, basi, vilinunuliwa kwa macho ya watu kama vilivyonunuliwa kwa ajili ya safari.

Ukitoka pwani kwenda bara, habari inabadilika haraka. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, akitaka kujua ni mnyama gani angeweza kuvumilia ndorobo. Wanyama hao walikufa safarini. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi wawili na punda 27. Farasi wote wawili walikufa kabla safari haijafika mbali. Wakati huo chanzo cha maradhi hayo hakikujulikana barabara. Ni David Bruce, katika miaka ya 1894 na 1895 huko Zululand, aliyeonyesha kwamba nagana huletwa na kijidudu cha damuni kinachobebwa na ndorobo. Wenye misafara hawakuhitaji hadubini kujua matokeo yake. Walijua kwamba matandiko waliyonunua pwani yangegeuka mzigo, na kwamba mzigo huo nao ungehitaji mtu wa kuubeba.

Mwaka 1876 Stanley alipita Maniema akiwa na punda kadhaa waliosalia. Aliandika kwamba hao ndio waliokuwa wa kwanza kuonekana huku, na kwamba watu walikimbia kuwatazama kwa mshangao mkubwa kuliko waliokuwa nao kwa Wazungu wenyewe. Nakubali kwamba Stanley hakuwa shahidi mnyenyekevu, na neno kama la kwanza alilipenda mno. Hata hivyo, mkusanyiko anaousimulia unaaminika. Kwa siku hiyo moja Maniema ilikuwa na watazamaji na wanyama wa kupandwa. Haikuwa na mashindano, wala duka la tandiko.

Soko lilikuwapo, tena kubwa. Livingstone alifika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwezi wa Machi 1871, akakaa miezi kadhaa akilitazama soko lake: wanawake kwa mamia, samaki wakavu, chumvi, mafuta ya mawese, vyungu, kuku, vitambaa vya nyuzi za majani. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa misafara walifyatua bunduki katikati ya soko lenye watu wapatao 1500, na mamia waliuawa au kuzama mtoni. Hatuwezi kuandika juu ya ununuzi wa Maniema wa miaka ile tukaipita siku hiyo kimya. Waliotoka pwani walikuja kununua pembe, na katika ununuzi huo watu nao walihesabiwa kuwa bidhaa.

Kitu gani basi cha pwani kilichofika Maniema kikakaa? Hapa turudi Lamu, kwa yule mgeni wa Maulidi tuliyemwacha na fedha zake. Asipopata tandiko la kununua, hununua kofia. Kofia za vito za Lamu hushonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na moja yaweza kuchukua majuma mengi. Anayejua kofia huigeuza kwanza atazame ndani, kwa kuwa mshono mbaya hujificha huko. Pamoja na kofia hununua vikoi, makubadhi ya ngozi, vyombo vya fedha, halua na ubani. Kiswahili hakina neno moja la kuvikusanya vyote hivi. Kuna zawadi, inayonunuliwa kwa ajili ya aliyebaki nyumbani. Kuna tabaruku, inayobeba baraka za mahali. Na kuna kumbukumbu, ambayo mtu hujiwekea mwenyewe. Kitu kimoja, kofia kwa mfano, chaweza kuwa vyote vitatu kwa kutegemea mkono kinakoishia.

Kofia ilivuka ziwa Tanganyika. Tandiko lilishindwa. Katika Kasongo na Nyangwe za wakati wa Tippu Tip, kanzu nyeupe na kofia ndivyo vilivyomtambulisha mwungwana, na ni kutokana na jina hilo la wangwana kwamba Kiswahili cha huku kilikuja kuitwa Kingwana. Nyangwe ilitekwa na jeshi la Dola Huru ya Kongo mwezi wa Machi 1893, Kasongo mwezi wa Aprili. Utawala wa wangwana ulikwisha, kofia haikuvuliwa. Hadi leo Maniema ni miongoni mwa sehemu za Kongo zenye Waislamu wengi, na Maulidi yakisomwa huku, vichwa vilivyoinama huvaa kofia ambazo ni ndugu wa zile za Lamu, ijapokuwa hakuna punda anayesubiri nje.

Ndiyo maana nasitasita ninaposoma kwamba Kiswahili kiliingia Maniema pamoja na ustaarabu wa pwani, kana kwamba kila neno lilisafiri na kitu chake. Hatamu ilifika kama neno la utawala tu. Kazi ya mnyama ilifanywa na mtu. Misafara ilikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi, wengine wa kulipwa, wengi waliofungwa. Baada ya hapo wakaja maofisa wa kikoloni na tipoyi, kile kiti cha miti kilichochukuliwa mabegani na watu wanne au zaidi. Hicho ndicho chombo cha kupandia ambacho babu zetu walikifahamu, na walikifahamu kutoka chini. Jeshi la Kibelgiji liliposonga mbele hadi kuiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916, mizigo yake ilichukuliwa na wapagazi zaidi ya 200000 kutoka Kongo, na Maniema ilitoa sehemu yake.

Upande wa Waingereza mambo yalikuwa hayo hayo, na yameacha alama katika ramani ya mashindano yenyewe. Walowezi wa Kenya walianza mbio za farasi mapema katika karne ya 20, kwa desturi na vyombo vya Uingereza: matandiko ya ngozi, buti, kofia ngumu, mavazi ya rangi ya mwenye farasi. Uwanja wa zamani wa Nairobi ulikuwa upande wa mashariki wa mji, hadi mbio zilipohamishiwa Ngong mwaka 1954. Barabara iliyokuwa ikielekea uwanja ule iliendelea kuitwa Racecourse. Jirani nayo kuna mtaa wa Kariokor, uliopata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyo hiyo.

Kariokor ina soko. Watalii na wenyeji huliendea kwa vitu vya ngozi na vya kusukwa: makubadhi, mikanda, mikoba, viondo, shanga. Mafundi hukata ngozi mbele ya mnunuzi na kumpima mguu juu ya kipande cha karatasi. Farasi wamekwisha kuhama siku nyingi, na matandiko yao yalihama nao. Msafiri wa Maniema anayepita Nairobi aweza kusimama hapo, akabishana bei kwa Kingwana chake, akaeleweka nusu, akacheka na muuzaji, akaondoka na jozi mbili za makubadhi: moja ya mama yake na moja ya kuweka.