Mashamba ya Ukingo wa Tana, Garissa

Garissa ni nchi ya ngamia na mbuzi, ila kando ya mto Tana kilimo kina umri mrefu kuliko mji wenyewe. Wamunyoyaya, na Wapokomo upande wa chini, walipanda mahindi na migomba kwenye udongo ulioachwa na mafuriko ya misimu miwili ya mvua. Wasomali wengi waliishi kwa mifugo hadi ukame ulipowaua wanyama wao, hasa 1984 na 1991. Hapo ndipo familia nyingi zilipoungana katika vikundi, zikachanga pesa za pampu ya dizeli, zikachimba mifereji na kugawana zamu za maji. Huo ulikuwa ujasiri mkubwa kwa watu waliolelewa machungani.

Maembe, mapapai, ndizi, nyanya na matikiti yakafika sokoni. Mto ulitoa na kutwaa: mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalifunika mashamba na kusomba pampu. Mathenge, mti wa kigeni ulioletwa bonde la Tana miaka ya 1980, nao umevamia kingo. Hata hivyo, mashamba hayo yangali yakilimwa.