Kipimo cha damu cha kifua kikuu kilicholala: kilianzia zizini, bado hakijamfikia mfugaji

MFUGAJI aliyekuja kuuza mbuzi katika soko la mifugo la Garissa akidungwa sindano ya kupima kifua kikuu, ataambiwa arudi baada ya saa 48 hadi 72 ili muuguzi apime uvimbe uliotokea mkononi. Kufikia wakati huo, aghalabu huwa amekwisha kushika njia kuwafuata wanyama wake kule mvua ilikonyesha. Sindano imepotea bure, na kama vijidudu vya maradhi hayo vimo mwilini mwake, ameondoka navyo bila kujua.

Hilo ndilo tatizo ambalo kipimo cha damu kiliahidi kulitatua. Damu hutolewa mara moja, na mtu hahitaji kurejea ili asomwe mkono.

Kifua kikuu kilicholala si ugonjwa. Mtu aliyeambukizwa hakohoi, hakondi, wala hamwambukizi mwingine. Kinga ya mwili imewazingira bakteria wasitembee. Wataalamu wanakadiria kuwa takriban robo moja ya watu wote duniani wako katika hali hiyo. Kati yao, asilimia 5 hadi 10 huugua wakati fulani maishani, na hatari huongezeka mno kwa watoto wachanga, kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi na kwa wenye utapiamlo. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, zilizokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ukame hauchelewi kuleta huo utapiamlo.

Kipimo cha ngozi kinachotumika hadi leo kina umri mkubwa. Robert Koch alitangaza kuwagundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, akatengeneza tuberkulini mwaka 1890, na Mfaransa Charles Mantoux akaeleza namna ya kuidunga ndani ya ngozi mwaka 1908. Mbali na usumbufu wa kurudi, kipimo hicho kina kasoro nyingine: huweza kudanganywa na chanjo ya BCG, ambayo watoto wa Kenya hupewa wanapozaliwa. Mkono huvimba, na muuguzi hawezi kujua kwa yakini kama ni maambukizo au ni chanjo.

Dawa ya kasoro hiyo ilitoka mahali ambapo mfugaji wa Garissa angepaelewa upesi, yaani kwa ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wanasayansi wa Australia walikuwa wakitafuta njia ya kuwatambua ng'ombe wenye kifua kikuu bila kulazimika kuwakusanya mara ya pili ili ngozi zao zikaguliwe. Waliichukua damu, wakaichanganya na tuberkulini, kisha wakapima kemikali iitwayo interferoni gama. Chembechembe nyeupe za damu ambazo zimewahi kupambana na bakteria hao huwakumbuka, na zikikutanishwa tena na sehemu za miili yao huimwaga kemikali hiyo kwa wingi. Zisizowajua hukaa kimya.

Wazo hilo likahamishiwa kwa binadamu. Hatua kubwa ilikuwa kuiacha tuberkulini na badala yake kutumia protini mbili, ESAT-6 na CFP-10, ambazo bakteria wa kifua kikuu wanazo lakini wale wa chanjo ya BCG hawana. Kipimo cha QuantiFERON cha kizazi hicho kilikubaliwa nchini Marekani mwaka 2005, na kile cha T-SPOT.TB, kilichotokana na utafiti wa Ajit Lalvani na wenzake wa Oxford, mwaka 2008. Protini hizo zimo pia katika bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, ambao binadamu huweza kuwapata kwa kunywa maziwa mabichi, jambo lisilo geni vijijini.

Kwa nini basi kipimo hiki hakijasambaa katika zahanati za kaskazini? Jibu la kwanza ni joto. Mirija ya QuantiFERON hutakiwa kuhifadhiwa katika nyuzi 4 hadi 25 kabla ya kutumiwa, na mjini Garissa joto la mchana hupita nyuzi 30 karibu mwaka mzima. Kwa utaratibu wa kawaida, damu ikishatolewa yapaswa kuwekwa ndani ya saa 16 katika sanduku maalumu lenye nyuzi 37, likae humo kati ya saa 16 na 24, kisha lifuatwe na kazi ya maabara inayohitaji umeme usiokatika na mtaalamu aliyefunzwa. Jibu la pili ni gharama. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizishauri nchi za kipato cha chini na cha kati zisikitumie badala ya kipimo cha ngozi. Ni mwaka 2018 tu liliporuhusu kimojawapo kitumike. Mwaka 2022 liliidhinisha vipimo vipya vya ngozi vinavyotumia protini zile zile. Vipimo hivyo havidanganywi na BCG, ila kile kisa cha kurudi siku ya pili au ya tatu kiko pale pale.

Hata hivyo wapo watoto wa eneo hili waliofikiwa. Kuanzia Oktoba 2018, Marekani ilitaka watoto wa miaka 2 hadi 14 wanaohamia huko kutoka nchi zenye kifua kikuu kingi wapimwe kwa damu. Masharti hayo yaliwahusu wakimbizi wa Dadaab, kambi zilizofunguliwa kuanzia 1991 katika Garissa. Mtoto mkimbizi aliyekuwa akijiandaa kusafiri aliweza kupata kipimo ambacho mwenzake wa kijiji jirani, raia wa Kenya, hakukipata. Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi Januari 2025.

Inafaa pia kuonya kwamba kipimo hiki hakiwezi kutenganisha maambukizo yaliyolala na ugonjwa wenyewe, wala hakisemi nani ataugua kesho. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anahitaji kupimwa makohozi. Uzito wa jambo hili si mdogo: uchunguzi wa kitaifa wa 2015-2016 ulikuta watu wazima 558 wenye kifua kikuu cha mapafu katika kila 100,000, na wagonjwa wengi hawakuwa wamefikiwa na huduma.

Wala kukosa kipimo si sababu ya kukosa kinga. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa wa kifua kikuu, au mtu mwenye virusi vya Ukimwi, huweza kupewa dawa za kuzuia bila kupimwa damu wala ngozi, mradi imethibitishwa kwamba haugui tayari. Zamani dawa hiyo ilikuwa isoniazidi kila siku kwa miezi sita. Sasa upo mseto wa isoniazidi na rifapentini unaomezwa mara moja kwa wiki, mara 12 tu.

Mara 12 bado ni karibu miezi mitatu, na hapo ndipo Wajir ilipotangulia. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyesomea sheria wala si udaktari, alisimamia mradi wa majaribio wa WHO wa kuwatibu wahamaji. Badala ya kuwafukuzia nyikani, aliwaalika wagonjwa wajenge vibanda vyao karibu na kituo, wameze dawa mbele ya mhudumu kwa miezi sita, kisha warudi kwa mifugo yao. Mahali hapo pakaitwa manyatta ya TB. Usimamizi wa namna hiyo WHO iliueneza duniani katika miaka ya 1990. Tonelli alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa mwaka 2003, na Oktoba mwaka huo huo akauawa kwa risasi huko Borama, Somaliland, katika hospitali aliyoianzisha kwa ajili ya wagonjwa hao hao.

Waliokaa katika manyatta zile walikuwa wagonjwa, wenye kikohozi kilichowalazimisha kukaa. Mtu ambaye kipimo cha damu kimemwambia ana vijidudu vilivyolala hajisikii vibaya hata kidogo, na ngamia wake wanahitaji maji leo.