Jina Moja, Askari Wengi

Jeshi la K.A.R. liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganishwa vikosi vitatu, kimojawapo kikiwa cha Uganda. Waislamu wengi walioandikwa humo walitaja jina lao na la baba, si la ukoo. Basi akina Juma wa daftari moja si lazima wawe ndugu. Nambari ya askari ndiyo impambanuayo. Wenye asili ya Kongo walioko Kashojwa na Mbarara na watazame madaftari ya Wabelgiji, ambao jeshi lao liliingia Tabora Septemba 1916.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ilikiri kuwa wafu wasiopungua 116,000 wa vita vya 1914–1918, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina. Kwa hiyo jina lisipoonekana, mzee asikanwe; wala marehemu wa watu asitwaliwe kwa kufanana jina, kwani nasaba ni amana.