Betri za Saa katika Vitu vya Kuchezea

Betri ya saa ni betri ndogo, bapa na ya duara kama sarafu, inayotumika pia katika midoli inayoimba na magari ya kuchezea yenye taa. Zenye hatari kubwa zaidi ni za lithiamu zenye kipenyo cha milimita 20 na volti 3, kwa kuwa mtoto akimeza moja, betri hiyo huweza kunasa katika umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni, ambako umeme wake hupita katika majimaji ya mwili na kuzalisha haidroksidi, kemikali inayoweza kuunguza nyama ndani ya saa 2, hata kama betri haijavuja. Betri iliyoishiwa nguvu ya kuwasha mdoli bado huunguza, jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii. Dalili za mtoto aliyemeza betri, zikiwamo kutokwa mate, kukohoa na kukataa chakula, hudhaniwa kirahisi kuwa za mafua, hivyo picha ya eksirei huhitajika haraka, na mtoto hatapishwi. Viwango vya usalama vya Ulaya na Marekani hutaka kifuniko cha betri kiwe kigumu kwa mtoto kukifungua, kwa mfano kwa kufungwa kwa skrubu, ilhali vifuniko vya baadhi ya midoli ya bei nafuu hufunguka kwa ukucha.